Risasi Zilizolowa Manza

Yeyote aliyekulia katika nyumba yenye redio ya betri anaijua kazi ya kuanika betri. Sauti ikianza kufifia, mtoto alitumwa azitoe, azipange juu ya bati, azilinde zisichukuliwe na wenzake. Jioni redio iliitika tena. Tulisikiliza salamu, tukasikiliza taarifa ya habari, halafu katikati ya mpira, timu yetu ikiwa imepata kona, redio ilikata. Baba hakuwa bahili. Dukani betri mpya hazikuwapo.

Je, kitu kilichokwisha nguvu kinafaa kurudishiwa uhai, au ni kupoteza muda? Leo nataka kuliuliza swali hilo kwa kitu kizito kuliko betri. Nitauliza kuhusu risasi, na mahali penyewe si mbali: ni Ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wa Tanga, mwezi Aprili mwaka 1915.

Kwanza tuelewane. Kile tunachokiita risasi kwa mkato ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Kuna ganda la shaba, kuna fataki kitakoni, kuna baruti tumboni, na mbele kuna kichwa chenyewe kinachoruka. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hukisukuma kichwa. Ganda hubaki, na mara nyingi ganda ndilo lililogharimu zaidi kulitengeneza. Ndiyo sababu huko Marekani wapo wawindaji na washindani wa shabaha wengi wanaookota maganda yao na kuyajaza upya nyumbani kwa mashine ndogo ya mkono. Wenyewe hubishana kila siku kama inalipa. Asiyezihesabu saa zake huona ameokoa fedha. Anayezihesabu hupata jibu jingine.

Mwaka 1914 vita vilipoanza, koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilijikuta limefungiwa mlango wa bahari na manowari za Uingereza. Mkuu wa jeshi lake, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 mwanzoni mwa vita. Wengi wao walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Bunduki hiyo ikilia, wingu la moshi hupanda juu ya kichwa cha mpigaji, na adui hahitaji kuuliza mtu yuko wapi.

Novemba 1914 Waingereza walitua Tanga na majeshi kutoka India, wakashindwa vibaya. Walipoondoka waliacha bunduki za kisasa 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Lakini risasi ya Kiingereza haiingii katika bunduki ya Kijerumani. Bunduki zilizotekwa zililishwa na risasi zilizotekwa, na zile za Kijerumani zikabaki na njaa yao.

Kisha ikaja Jasini, kijiji cha pwani karibu na mpaka wa Kenya, Januari 1915. Wajerumani walishinda huko pia. Ila baada ya ushindi kamanda alikaa akapiga hesabu. Mapigano ya Jasini yalikuwa yamekula risasi 200,000. Aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo asingeweza kupigana zaidi ya mara tatu nyingine za namna ile. Hebu fikiri, msikilizaji: ameshinda, na ushindi wenyewe umemwonyesha mwisho wake. Tangu hapo akaacha mapigano makubwa na kuanza kutuma vikundi vidogo kwenda kuvunja reli ya Uganda ng'ambo ya mpaka.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli iliyojifanya ya Kidenmaki ilijipenyeza hadi Manza. Jina lake halisi lilikuwa Rubens, nahodha wake Carl Christiansen, na ilikuwa imetoka Ujerumani mwezi Februari. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifuata nyuma. Nahodha akaiingiza ghubani, akaizamisha katika kina kifupi na kuziwasha moto mbao zilizokuwa juu ya sitaha. Waingereza waliipiga mizinga, wakaona moto, wakaondoka wakiamini kwamba shehena imeteketea. Kumbe chini ya maji kulikuwa na bunduki mpya zipatazo 1,800, mizinga midogo, makombora na risasi mamilioni. Wazamiaji walifanya kazi ya kuzitoa.

Hapo ndipo swali letu linapopata mwili. Risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Zilipojaribiwa nyingi hazikulia. Baruti ilikuwa imeharibika, na fataki pia. Na si kwamba Lettow-Vorbeck angeweza kuzirudisha dukani.

Siwezi kuacha kutaja jambo moja hapa. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1905, wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wameambiwa kwamba dawa ya Kinjikitile itazigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Waliziendea wakafa kwa maelfu. Sasa maji yamezishinda risasi za Mjerumani kweli, tena maji ya bahari tu yasiyoombewa na mtu, na hapakuwa na mpiganaji wa Maji Maji aliyebaki msituni kuiona siku hiyo.

Basi zikapelekwa Moshi, makao makuu ya jeshi wakati huo. Zilifunguliwa. Kichwa kilitolewa, baruti ikamwagwa na kusafishwa, fataki mbovu ikatolewa, ganda likajazwa tena. Kwa miezi mingi kila fataki iliyopatikana popote katika koloni ilipelekwa Moshi. Ni kazi ya vidole na macho, risasi moja moja. Anayefanya hivyo nyumbani kwake Marekani ana meza, taa, mizani na Jumamosi nzima. Hapa palikuwa na vita.

Hata baada ya kazi yote hiyo, risasi hazikuwa sawa. Kamanda mwenyewe ameandika jinsi walivyozigawa. Zile ambazo katika kila 100 zilikuwa zinakataa kama 20, zilipelekwa vitani. Zilizokuwa mbaya kuliko hizo zilibakizwa kwa mazoezi ya shabaha.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara nasimama hapo. Ishirini katika mia ni moja katika tano. Bunduki mpya ya Mauser ya mwaka 1898 hubeba risasi tano. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, katika kila mzigo wa bunduki ya askari kulikuwa na risasi moja isiyolia, naye hakujua ni ipi. Huenda ni ya kwanza. Huenda ni ile anayoifyatua wakati adui yuko hatua thelathini. Inasikika "tik", basi. Avute komeo, aitupe, aingize nyingine, wakati upande wa pili bombomu halikatiki. Betri ikifa katikati ya mpira unapoteza goli.

Kwa hiyo, ililipa? Ukimuuliza mwenye daftari, jibu ni ndiyo, tena ililipa sana. Jasini ilikuwa imempa nafasi ya mapigano matatu, naye akapigana miaka mitatu na zaidi. Mimi naamini bila Manza vita vya huku vingekwisha mapema sana. Saa zilizotumika Moshi hazikumgharimu kitu, kwani hakuna soko ambamo angeweza kununua risasi kwa bei yoyote. Kitu kisichouzwa hakina bei ya kulinganisha. Lakini hesabu hiyo ilitoka vizuri kwa sababu gharama iliandikwa katika daftari la mtu mwingine. Ile ishirini katika mia ililipwa na askari. Na miaka mitatu iliyonunuliwa ililipwa na wapagazi na vijiji vilivyonyang'anywa chakula na majeshi ya pande zote mbili. Kwa upande wa Waingereza peke yao, makadirio ya wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, yanakaribia 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi. Tunapita pale kununua vitunguu.

Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na mizinga na risasi kavu. Safari hii hapakuwa na haja ya kufungua ganda hata moja. Kulikuwa na haja ya mabega tu, na mzigo wote ukapanda bara kichwani kwa watu. Novemba 1917 Wajerumani wakavuka Ruvuma, wakaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano, Msumbiji, wakachukua bunduki na risasi zipatazo 250,000. Zile bunduki kuukuu za 1871 zikatupwa. Kamanda alikuwa amegundua njia nafuu kuliko kujaza upya, nayo ni kumwachia adui azilete mwenyewe.

Alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizokabidhi zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno, pamoja na risasi 208,000. Ya Moshi ilikuwa imekwisha zamani. Askari 1,168 walijisalimisha pamoja naye, na mishahara yao ya muda wa mwisho wa vita ilikuwa haijalipwa.

Lettow-Vorbeck alifariki Machi 1964, akiwa na miaka 93. Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha deni lile lilipwe. Inasimuliwa kwamba mlipaji alipofungua ofisi Mwanza walijitokeza wazee kama 350, na wachache mno walikuwa na karatasi ya kuthibitisha. Bunduki haikuwapo ya kuwajaribia. Basi kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani: begani, mbele, mguuni. Wanasema hakuna aliyekosea.