Mamluki ni Nani?

Nilikuwa kidato cha pili alipofika. Ilibaki wiki moja tu kabla ya mashindano ya wilaya, na timu yetu ya mpira ilikuwa haina mshambuliaji wa maana. Mwalimu wa michezo akaja naye mazoezini jioni, kijana mrefu, mkimya, ana viatu vya kuazima. Tukaambiwa tumwite kwa jina la mwenzetu aliyekuwa amehama muhula uliopita. Tukamwita hivyo hivyo. Darasani hakukanyaga hata siku moja.

Siku ya mechi alifunga mawili. Mapumziko, mwalimu wa shule pinzani akamsogelea na kumuuliza swali dogo tu: mkuu wenu wa shule anaitwa nani? Kijana akakaa kimya. Ndani ya dakika chache uwanja mzima ukawa unaimba, "Mamluki! Mamluki!" Tukaondolewa mashindanoni. Nakumbuka alivyovua jezi yetu, akaweka vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, akaondoka peke yake kuelekea barabarani. Mwalimu aliyemleta alirudi nasi kwenye gari, na Jumatatu akaendelea kufundisha.

Aliyefuatilia UMISSETA, au hata UMITASHUMTA ya shule za msingi, analijua neno hili. Kila msimu wa mashindano ya shule viongozi wanakemea "mamluki", nasi waandishi tunaliandika bila kulitafakari. Nimeliandika mara nyingi. Majuzi ndo nikajiuliza limetoka wapi.

Kwa Kiswahili cha leo, mamluki ni askari wa kukodiwa, mtu anayepigana kwa ajili ya fedha. Lakini asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia miliki na milki. Mamluki ni mtu anayemilikiwa. Katika historia, mamluki walikuwa wavulana walionunuliwa, wengi kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na baadaye milima ya Caucasus, wakapelekwa mbali na kwao, wakafundishwa farasi na silaha kwa ajili ya vita vya bwana mwingine. Ni kweli kwamba baadaye walipata nguvu: mwaka 1250 walishika utawala wa Misri, mwaka 1260 wakawashinda Wamongolia kule Ain Jalut, na dola yao ikadumu hadi Waosmani walipoiangusha mwaka 1517. Ila mwanzo wa safari ya kila mmoja wao ulikuwa uleule: mtoto, na mtu mzima mwenye fedha na haja ya ushindi.

Kumbe neno lenyewe lilikuwa linatuelekeza kwa mmiliki, sisi tukabaki tunamnyooshea kidole anayemilikiwa.

Kisa maarufu kuliko vyote nivijuavyo hakitoki kwetu. Agosti 2001, katika mashindano ya besiboli ya watoto ya Little League huko Marekani, mvulana wa timu ya Bronx, New York, aitwaye Danny Almonte, alirusha mchezo kamili: katika wapigaji 18, hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza, na 16 aliwatoa kwa mirusho yake mwenyewe. Jiji likamshangilia. Mwisho wa umri ulikuwa miaka 12. Siku chache baadaye jarida la Sports Illustrated likaibua cheti cha kuzaliwa huko Jamhuri ya Dominika kinachoonyesha alizaliwa Aprili 7, 1987, si 1989 kama ilivyodaiwa. Alikuwa na miaka 14. Serikali ya nchi yake ikathibitisha, na ushindi wote wa timu ukafutwa.

Kinachonigusa ni yaliyofuata. Waliofungiwa maisha na Little League ni baba yake na mwanzilishi wa timu, mtoto hakuadhibiwa. Uchunguzi ukaonyesha pia jambo baya kuliko umri: mtoto huyo alikuwa hajapelekwa shule. Watu wazima walikuwa na muda wa kumpeleka uwanjani, hawakuwa na muda wa kumpeleka darasani. Baadaye ndipo akasoma, na kuchezea besiboli shule ya sekondari ya James Monroe hapohapo Bronx, safari hii kwa umri wake halisi.

Huku kwetu tumeonja pia. Mwaka 2005 Serengeti Boys ilifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia, ikaenguliwa kwa kuchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2019 fainali hizo zilipochezwa Dar es Salaam, Guinea ilifika hadi fainali, kisha ikabainika wachezaji wake wawili walikuwa wametumia tarehe nyingine za kuzaliwa katika mashindano ya awali nchini Japan. Nafasi yake ya Kombe la Dunia wakapewa Senegal.

Tangu mwaka 2009 FIFA inapima kifundo cha mkono cha vijana hawa kwa MRI ili kuona kama mifupa imekwisha kuungana. Ni jambo la msaada, sipingi. Lakini anayeingia kwenye mashine ni yuleyule kijana. Aliyeandika fomu, aliyegonga muhuri na aliyeahidi nauli wanasubiri nje ya mlango.

Sisemi kijana hana hatia kabisa. Yule wetu alijua jina si lake. Ila ukimwahidi kijana aliyekosa ada kwamba akifunga mabao atapata nafasi ya kusoma, hapo nani kamdanganya nani? Na shule inapomfundisha kuitikia jina la mwingine, sisi wengine tunaoketi darasani tunajifunza nini?

Mimi nilijifunza kunyamaza. Tulikuwa zaidi ya arobaini darasani, wote tulijua, hakuna aliyesema. Uwanja ulipoanza kuimba, na mimi niliimba, ili nisionekane niko upande wake.

Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Hakuna aliyemuuliza.