Bagia za ndizi na chachandu: ndizi iliyopiga weusi usiitupe

Ndizi za Rungwe hupita hapa Chimala kwenye malori na mabasi yanayoelekea Iringa na Dar es Salaam, na nyingine hushushwa hapahapa. Hukatwa mbichi kwenye baridi na mvua za Tukuyu, kisha hukutana na joto la bonde la Usangu. Zinaiva haraka kuliko muuzaji alivyopanga. Ganda likishapiga weusi wateja hupita bila kuuliza bei, na chane zima huishia kwa nguruwe au jalalani. Hiyo ni hela inayotupwa.

Leo tunaeleza namna ya kuigeuza ndizi hiyo kuwa bagia za kuchovya kwenye chachandu. Ni chakula cha asubuhi nyumbani, na ni biashara inayoweza kuanza na karai moja.

Chakula hiki kinatoka wapi?

Nchi za Afrika Magharibi zimeshaijua siri hii zamani. Ghana wana kaklo, madonge ya ndizi iliyoiva kupita kiasi yanayozamishwa kwenye mafuta ya moto. Wana pia tatale, ambazo ni bapa kama chapati ndogo na mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya mawese. Tatale huliwa na njugu mawe zilizochemshwa. Ivory Coast nao wana claclo. Ndani yake huwekwa kitunguu, tangawizi na pilipili, ndiyo maana utamu wa ndizi hauchoshi mdomo.

Hata majirani zetu wana zao. Ukivuka mto Songwe kuingia Malawi utakuta zitumbuwa, za ndizi na unga wa mahindi. Uganda wana kabalagala, za ndizi ndogo tamu na unga wa muhogo. Kila mahali watu wametumia unga walio nao. Sisi wa Mbarali tuna mchele, na chenga zinazobaki mashineni zinatoa unga mzuri kwa bei nafuu.

Ndizi gani inafaa?

Inayofaa zaidi ni mzuzu au mkono wa tembo. Nyama yake ni nzito na haina maji mengi. Subiri mpaka ganda liwe na weusi zaidi ya manjano na ndizi ibonyee ukiiminya. Ndizi ikiiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari, kwa hiyo huhitaji kuongeza sukari hata kijiko.

Weusi wa ganda si tatizo. Tatizo ni ukungu, harufu ya pombe, au ndizi iliyopasuka na kuingiwa na wadudu. Hiyo usiipike.

Kama mzuzu wako bado mbichi, uweke kwenye gunia pamoja na ndizi zilizoiva. Ndizi mbivu hutoa hewa inayoivisha nyingine.

Mahitaji ya bagia

- Mizuzu 4 iliyoiva sana
- Unga wa mchele kikombe 1 cha chai
- Kitunguu maji 1, kikatwe vipande vidogo sana
- Tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, itwangwe
- Pilipili 1, au nusu kama kuna watoto
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Mafuta ya alizeti ya kukaangia

Namna ya kupika

1. Menya ndizi, ziponde kwa mwiko au kwenye kinu. Mabonge madogo yakibaki si vibaya.

2. Tia kitunguu, tangawizi, pilipili na chumvi. Ongeza unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Usitie maji. Rojo liwe zito, lidondoke taratibu kutoka kwenye kijiko.

3. Funika, acha nusu saa. Unga wa mchele unahitaji muda wa kunyonya unyevu. Mara ya kwanza sisi hatukusubiri. Tuliona rojo ni jepesi, tukaongeza unga, bagia zikawa ngumu kama mawe.

4. Chemsha mafuta kwenye karai, kina cha vidole vitatu. Dondosha tone la rojo. Likizama na kukaa chini, mafuta bado. Likipanda juu polepole likitoa mapovu, anza. Mafuta yakitoa moshi, punguza moto.

5. Chota kwa kijiko cha chakula, dondosha bagia tano au sita kwa mara moja. Ukijaza karai mafuta hupoa na bagia huyanyonya.

6. Geuza zikishika rangi ya kahawia, kwa jumla dakika 3 hadi 4. Sukari ya ndizi huwahi kuungua, kwa hiyo moto uwe wa wastani. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani kubichi.

Kipimo hiki hutoa bagia kama 25.

Chachandu ya dagaa

Ghana wana shito, pilipili nyeusi inayopikwa na samaki wakavu. Sisi tuna usipa wa Ziwa Nyasa. Chukua usipa wakavu kiganja kimoja, ondoa vichwa, kaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, kisha twanga. Kaanga kitunguu 1 na punje 2 za kitunguu saumu. Tia nyanya 4 zilizosagwa, pilipili 2 na ule unga wa usipa. Pika dakika 15 mpaka izito. Malizia na chumvi na maji ya ndimu au ukwaju.

Kwa joto letu, chachandu isiyo kwenye friji ipikwe ya siku hiyohiyo. Ya jana usimpe mteja.

Tahadhari

Karai lisikae mahali mtoto anapoweza kulifikia. Mafuta yakishika moto usimwage maji, kwani moto utaruka. Lifunike kwa mfuniko wa bati, na kama unaweza kufanya hivyo bila kuungua, ondoa moto wa chini. Usilibebe karai linalowaka. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu jingi au kuwahi kutoa moshi, yamechoka, yamwage. Mwenye kisukari akumbuke kwamba ndizi iliyoiva hivi ina sukari nyingi.

Kabla hujaanza kuuza

Pika kipimo kimoja ukiwa na daftari. Andika bei ya ndizi, unga, viungo na mkaa. Pima mafuta kabla na baada ya kukaanga, uandike yaliyopungua. Jumlisha vyote na chachandu, gawa kwa idadi ya bagia. Hiyo ndiyo gharama ya bagia moja, na bei yako lazima iwe juu ya hapo, pamoja na malipo ya muda wako. Wengi husahau mafuta na muda, kisha wanashangaa karai linauza kutwa nzima na mfukoni hakuna kitu.

Kisha ongea na muuzaji wa ndizi jioni, kabla hajafunga. Zile alizokata tamaa nazo ndizo unazozitaka, na bei hapo mtaelewana.