Kanamisini: dawa ya sindano inayochagua migomba katika laboratware

Kanamisini ni antibiotike. Kundi la Hamao Umezawa liliipata Japani mwaka 1957, ndani ya mikrobe ya udongo. Hapa Kongo, wagonjwa wa kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, walichomwa sindano zake kwa miaka mingi. Wengine iliwaharibu masikio, na mwaka 2018 OMS ikashauri isitumiwe tena kwa ugonjwa huo. Lakini dawa hiyohiyo iko na kazi ingine ambayo wengi hawaijui, na kazi hiyo inagusa ndizi.

Mkulima wa Beni ama wa Lubero anajua ule ugonjwa wa migomba ambao maagronome wanauita wilt ama BXW. Majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata shina unaona maji ya manjano yanatoka. Ndizi hizo hazifai kwa chakula wala kwa kasiksi. Bakteria inayouleta ilijulikana kwanza Ethiopia, ikaonekana Uganda na Masisi mwaka 2001, kisha ikapanda mpaka kwetu. Kati ya ndizi tunazolima, hakuna inayoukataa kabisa.

Juu ya hiyo, kule Kawanda, Uganda, watafiti wa NARO na IITA walianza mwaka 2010 kujaribu, ndani ya shamba lililofungwa, migomba iliyopewa jeni ya pilipili tamu. Jeni hiyo inasaidia mmea kuzuia bakteria.

Hapa ndipo antibiotike zinaingia. Kupandikiza jeni ni kazi ya kubahatisha. Kati ya chembe maelfu za mgomba, ni chache tu zinazoipokea, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Basi watafiti wanafunga pamoja jeni mbili: ile wanayoitaka, na ingine inayovunja nguvu ya antibiotike. Kisha chembe zote zinawekwa juu ya chakula chenye dawa. Katika kazi ya migomba, kanamisini ni moja ya dawa zinazotumiwa sana. Chembe ambazo hazikupokea jeni zinapoteza rangi ya kijani na kufa. Zilizopokea zinaendelea kuota. Ni kama kuchunga unga: dawa ndiyo chungio.

Kwa hiyo, je, ndizi hiyo iko na dawa ndani? Hapana. Dawa inabaki katika chupa za laboratware, na mche unaopandwa shambani hauhitaji kanamisini tena. Kinachobaki ndani ya mmea ni jeni ya kuivunja. Ndiyo sababu watu wanauliza kama jeni hiyo inaweza kuruka kutoka ndizi na kuingia katika mikrobe ya tumbo, ili siku moja sindano ya munganga isifanye kazi. Swali hilo si la kijinga. Ulaya iliandika katika sheria ya mwaka 2001 kwamba jeni za namna hiyo zinazoweza kuhatarisha afya ziondolewe pole pole. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa chakula wa Ulaya waliona kwamba jeni ya kukataa kanamisini haina sababu ya kukatazwa: kuruka kutoka mmea hadi bakteria ni jambo la nadra sana, na jeni hiyo tayari imejaa katika bakteria za udongo na za tumbo la watu. Kusema kweli, vidonge vinne vya antibiotike vinavyonunuliwa bila karatasi ya munganga vinafundisha mikrobe ukaidi kuliko mkungu wowote wa ndizi.

Tena migomba hiyo haiuzwi sokoni. Bunge la Uganda lilipitisha sheria yake mwaka 2017, lakini Rais Museveni alikataa kuitia sahihi.

Kwa sasa, hapa kwetu, silaha ni panga. Shina lenye ugonjwa linakatwa chini kabisa, peke yake, bila kungoa shina zingine, sababu bakteria haifiki kila mara katika machipukizi yote. Panga linasafishwa kwa javeli ama kupitishwa motoni mbele ya kugusa mgomba mwingine. Ua la dume linaondolewa kwa mti wenye panda, si kwa kisu, mara tu ndizi za mwisho zinapotokea, maana wadudu wanabeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Na mtu asichukue machipukizi ya kupanda katika shamba ambalo ugonjwa umeonekana, hata kama yanaonekana mazuri.