Gitaa na Kompyuta ya Nyumbani: Historia ya Ala Iliyochelewa Kupokelewa, 1979–2004

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu muziki wa Afrika Mashariki, dai moja hurudiwa mara kwa mara: kwamba kompyuta ndiyo iliyoliondoa gitaa katika nafasi ya mbele lililokuwa nayo enzi za bendi za dansi. Dai hilo huambatana na lawama. Watayarishaji wa muziki wa kizazi kipya huelezwa kuwa ni watu waliokwepa kazi ya kujifunza ala, na mashine huelezwa kuwa adui wa mwanamuziki. Insha hii inalichunguza dai hilo kwa kufuatilia historia ya kurekodi gitaa nyumbani, tangu enzi za mkanda hadi kompyuta ya nyumbani ilipoweza kufanya kazi hiyo kwa gharama nafuu.

Hoja inayojengwa ni kwamba kompyuta haikuzipokea ala zote kwa wakati mmoja. Ilikipokea kinanda kwanza, kuanzia mwaka 1983. Gitaa lilisubiri kwa zaidi ya miaka kumi, kwa sababu zinazotokana na jinsi sauti yake inavyozalishwa na jinsi kompyuta za wakati huo zilivyoundwa. Mahali ambapo studio za nyumbani zilianzishwa ndani ya kipindi hicho cha kusubiri, kama ilivyokuwa Dar es Salaam, mazoea ya kazi yalijengwa juu ya kinanda. Kwa hiyo, kilichobadili nafasi ya gitaa ni mfuatano wa matukio pamoja na hali ya uchumi, na si kompyuta kwa asili yake.

2.0 Kurekodi Gitaa Kabla ya Kompyuta

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mpiga gitaa alirekodiwa na mtu mwingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyesafiri na mitambo yake, alimrekodi Jean Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, katika eneo la Katanga nchini Kongo. Mwenda aliimba kwa Kiswahili na upigaji wake wa gitaa kavu ulisikika mbali kwa njia ya santuri. Hata hivyo, bila mashine ya mgeni aliyepita mjini humo, kazi hiyo isingehifadhiwa wakati ule. Ala ilikuwa ya msanii, lakini kumbukumbu ya sauti ilikuwa mikononi mwa mwenye mtambo.

Nchini Marekani, mpiga gitaa Les Paul alikuwa ameanza kuuvunja utaratibu huo. Katika karakana ya nyumba yake huko Hollywood alirekodi sehemu moja ya gitaa kwenye sahani, kisha akaicheza sahani hiyo huku akipiga sehemu ya pili na kuzirekodi zote mbili kwenye sahani nyingine. Wimbo wake “Lover”, uliotolewa mwaka 1948, ulijengwa kwa sehemu nane za gitaa zilizopandanishwa kwa njia hiyo. Mbinu hii ilikuwa na gharama yake: kila tabaka jipya lilipoongezwa, lile la kwanza lilipoteza ubora, na kosa moja mwishoni liliweza kuharibu kazi yote. Mwaka 1957 Paul alipata mashine ya Ampex yenye njia nane, ambapo kila sehemu ilikaa peke yake kwenye mkanda. Mashine ya aina hiyo ilibaki mbali na uwezo wa wanamuziki walio wengi.

Hatua iliyofika kwa watu wa kawaida ilikuja mwaka 1979, kampuni ya TEAC ya Japani ilipotoa Portastudio 144. Kifaa hicho kiliunganisha kichanganya sauti na kinasa sauti chenye njia nne kilichotumia kaseti ya kawaida. Mfano unaojulikana zaidi wa matumizi yake ni albamu “Nebraska” ya Bruce Springsteen, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa mwezi Januari 1982 katika chumba cha kulala huko Colts Neck, New Jersey. Springsteen alikusudia kutengeneza rasimu ya kuipelekea bendi yake, lakini rasimu hiyo ndiyo iliyotolewa kuwa albamu. Kwa mtazamo wa historia, jambo hili linaonesha kwamba kufikia mwaka 1982 gitaa lilikuwa tayari limepata makao katika studio ya nyumbani. Makao hayo yalikuwa ya mkanda, na kompyuta ilipoingia, gitaa lililazimika kuanza upya.

3.0 Kompyuta Isiyosikia Sauti, 1983–1990

Mwaka 1983 kampuni za vifaa vya muziki za Marekani na Japani zilikubaliana kuhusu mfumo wa MIDI, unaoviwezesha vinanda na kompyuta kuwasiliana. Mfumo huo haubebi sauti. Hubeba maelekezo tu: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiliwa lini. Maelekezo ya wimbo mzima huchukua nafasi ndogo sana, na kompyuta dhaifu za wakati huo ziliweza kuyahifadhi, kuyasahihisha na kuyarudia. Atari ST ya mwaka 1985 ilitengenezwa ikiwa na matundu ya MIDI, na kampuni ya Steinberg ya Hamburg iliitengenezea programu ya Cubase mwaka 1989. Mpiga kinanda mwenye kompyuta ya namna hiyo aliweza kupanga ngoma, besi na vinanda vya wimbo mzima akiwa peke yake.

Mpiga gitaa hakuwa na nafasi katika mpango huo, kwa sababu gitaa halina vitufe. Mlio wake hutokana na mtetemo wa uzi, na ili kompyuta iupokee ni lazima mtetemo huo upimwe maelfu ya mara kwa sekunde na kila kipimo kiandikwe kama namba. Kiwango kilichotumiwa katika diski za CD ni vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikiwa na biti 16. Hesabu yake ni rahisi: sekunde moja ya gitaa moja huhitaji baiti 88,200, na dakika moja huhitaji zaidi ya baiti milioni 5. Kumbukumbu yote ya Atari 520ST, yenye kilobaiti 512, ingejazwa na upigaji usiofika sekunde 6. Diski ya megabaiti 20, ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa kubwa kwa mtumiaji wa nyumbani, ingemalizwa na gitaa moja kwa muda usiozidi dakika 4.

Kulikuwa na majaribio ya kulilazimisha gitaa liseme lugha ya MIDI, kwa vifaa vilivyotambua noti inayopigwa na kuigeuza kuwa maelekezo. Majaribio hayo yalikabiliwa na kikwazo cha kimaumbile. Uzi mzito wa gitaa hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja wa mtetemo huchukua takriban milisekunde 12. Mashine haiwezi kuitambua noti kabla haijausikia angalau mzunguko mmoja, na mara nyingi huhitaji zaidi. Mwanamuziki aliona noti yake ikichelewa kumfikia. Isitoshe, mambo yanayomtambulisha mpiga gitaa, kama vile mvuto wa uzi, mkwaruzo wa kucha na kuzimwa kwa mlio kwa kiganja, yalipotea katika tafsiri hiyo.

4.0 Gitaa Linapokelewa, 1991–2004

Upokeaji wa sauti halisi ulianzia kwenye studio zenye fedha. Kampuni ya Digidesign ilitoa mfumo wa Sound Tools mwaka 1989 na Pro Tools mwaka 1991. Pro Tools ya kwanza ilikuwa na njia nne tu na iliuzwa kwa takriban dola 6,000, bila kuhesabu kompyuta yenyewe. Kwa idadi ya njia, haikuizidi Portastudio ya mwaka 1979. Faida yake ilikuwa katika uhariri, kwa kuwa kosa liliweza kukatwa na kurekebishwa bila kuugusa mkanda.

Kwa mtumiaji wa nyumbani vilibaki vizuizi vitatu. Cha kwanza kilikuwa nafasi ya kuhifadhi, nacho kilipungua kadiri diski zilivyoongezeka ukubwa na kushuka bei katika miaka ya 1990. Cha pili kilikuwa tundu la kuingizia sauti. Kadi za sauti za kompyuta za kawaida zilikuwa na tundu la maikrofoni ndogo na tundu la kifaa kama redio. Sumaku za gitaa la umeme hutoa mkondo dhaifu wenye ukinzani mkubwa, na huhitaji kupokelewa na saketi yenye ukinzani wa karibu omu milioni moja. Gitaa lilipochomekwa moja kwa moja kwenye kadi, mlio wake ulififia na kupoteza makali. Wengi walielewa jambo hilo kuwa ni udhaifu wa kompyuta, ilhali lilikuwa ni kutopatana kwa vifaa viwili, na lilitatuliwa kwa kifaa cha kati kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kizuizi cha tatu kilikuwa kigumu zaidi, nacho ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hukusanya vipimo vya sauti katika mafungu kabla ya kuvishughulikia. Fungu la vipimo 4,096 huleta ucheleweshaji wa takriban milisekunde 93. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa huko ni sawa na kupiga gitaa ukiwa mita 32 kutoka kwenye spika yako. Hakuna anayeweza kushika mapigo kwa uhakika katika hali hiyo. Mwaka 1996 Steinberg ilitoa Cubase VST, na mwaka uliofuata mfumo wa ASIO ulioruhusu programu kuwasiliana na kadi ya sauti kwa njia fupi zaidi. Fungu liliweza kupunguzwa hadi vipimo 256, yaani ucheleweshaji usiofika milisekunde 6, sawa na kusimama mita 2 kutoka kwenye kikuza sauti chako.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1998 Line 6 ilitoa kifaa kiitwacho POD, kilichoiga kwa hesabu mlio wa vikuza sauti mbalimbali, na hivyo kumwondolea mpiga gitaa haja ya kupiga kwa sauti kubwa ili apate mlio mzuri. Audacity, programu ya bure, ilitolewa mwaka 2000. Apple ilitoa GarageBand mwaka 2004 pamoja na kompyuta zake. Kufikia mwaka huo, kizuizi cha kiufundi kilikuwa kimekwisha.

5.0 Dar es Salaam na Mfuatano wa Matukio

Historia hii inapolinganishwa na ile ya Dar es Salaam, miaka yenyewe inatoa maelezo. Baada ya Radio Tanzania Dar es Salaam kuundwa mwaka 1965, studio yake ilikuwa ndiyo mahali pakuu pa kurekodia bendi za Tanzania Bara. Bendi nzima ilicheza kwa pamoja, magitaa ya solo, ya ridhimu na ya besi yakijibizana mbele ya maikrofoni. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na bendi zilizotaka kutoa santuri zilitegemea Nairobi. Kufungwa kwa mpaka kati ya Tanzania na Kenya mwaka 1977 kuliifanya njia hiyo kuwa ngumu zaidi. Ala zenyewe, kwa bendi nyingi, zilikuwa mali ya taasisi: jumuiya ya wafanyakazi, polisi, jeshi au shirika la umma.

Aidha, mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo, miaka ambayo wanamuziki wa kwingineko walianza kuizoea kompyuta kama chombo cha kazi haikuwa na mwenzake Dar es Salaam. Masharti yalipolegezwa, na redio binafsi ya kwanza, Radio One, ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, studio ndogo za watu binafsi zilianza kujitokeza. Studio za watayarishaji kama Master Jay na P-Funk zilijengwa katika muongo huo huo, ambao kinanda kilikuwa tayari kimeiva katika kompyuta na gitaa lilikuwa bado linakabiliwa na vizuizi vitatu vilivyoelezwa.

Sababu za kiuchumi ziliongeza uzito. Kinanda kimoja na kompyuta vilitoa ngoma, besi na vinanda bila kulipa bendi ya watu kumi au zaidi. Taasisi zilizonunua ala zilikuwa zinapunguza matumizi katika kipindi cha mageuzi ya uchumi. Redio mpya zilihitaji nyimbo nyingi kwa haraka. Katika mazingira hayo, mtayarishaji aliyeanza na kinanda alitumia mlango uliokuwa wazi. Lawama ya uvivu haizingatii kwamba mlango wa pili ulikuwa bado haujafunguliwa.

Hata hivyo, maelezo ya kiufundi peke yake hayatoshi. Kufikia mwaka 2004 gitaa liliweza kurekodiwa kwenye kompyuta ya nyumbani, lakini halikurudi mara moja kwenye nafasi yake ya zamani. Mazoea yalikuwa yameshajengwa: watayarishaji walikuwa wamefunzana kazi kwa kinanda, wasikilizaji walikuwa wamezoea mlio huo, na vijana waliojifunza gitaa walipungukiwa na bendi za kuwapokea. Wakati huohuo, bendi kama African Stars, maarufu kwa jina la Twanga Pepeta, ziliendelea kujaza kumbi kwa muziki wa magitaa. Gitaa halikufa, lilibaki zaidi jukwaani kuliko studioni.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kauli kuwa kompyuta ililiua gitaa inachanganya mambo mawili tofauti. Kompyuta ya mwaka 1989 haikuwa na uwezo wa kulisikia gitaa nyumbani. Ile ya mwaka 2004 ilikuwa nao kikamilifu. Kati ya miaka hiyo kuna kipindi ambacho jamii mbalimbali zilijenga mazoea yake ya kazi, na jamii iliyoingia katikati ilirithi upendeleo wa mashine ya wakati huo.

Kwa watafiti, matokeo yake ni ya kimbinu. Mabadiliko ya mlio katika muziki wa Tanzania wa miaka ya 1990 hayafai kusomwa kama ushahidi wa ladha peke yake. Ni lazima mtafiti aulize vilevile ni kifaa gani kilitumika, kiliweza kupokea nini, na nani aliyekimiliki. Swali hilo la mwisho ndilo linalomuunganisha Mwenda wa mwaka 1952, bendi za Radio Tanzania na mtayarishaji wa chumbani. Uwezo wa kurekodi umesogea kutoka kwa msafiri mwenye mtambo, hadi kwa dola, hadi kwa mtu binafsi mwenye kompyuta. Mpiga gitaa wa leo anaweza, kwa mara ya kwanza katika historia hiyo ndefu, kuimiliki ala yake na kumbukumbu ya sauti yake kwa pamoja.