Kabla ya Kuicheka Ndege ya Jua Kali, Uliza Inapumulia Wapi

Ukienda Vasha wakati wa Safari Rally na usiishie kwa sherehe tu, angalia yale magari vizuri. Kuna bomba linatoka kwa boneti, linapanda kando ya kioo cha mbele hadi karibu na paa. Wasee wengi hudhani ni urembo. Ni pua. Huko chini kuna maji ya mito na lile vumbi laini kama unga, na injini ikivuta chochote kati ya hivyo viwili, mbio zimeisha.

Nimeanza na hilo bomba kwa sababu ya komenti. Kila video ya mtu aliyeunda ndege nyuma ya nyumba ikisambaa, watu wanacheka mabawa, wanacheka magurudumu, wanacheka rangi. Halafu wenye kujifanya wanajua wanauliza injini ni ya gari gani. Sijaona mtu akiuliza hewa inaingia wapi na inatokea wapi. Na hilo ndilo swali lililowasumbua mainjinia wa ndege karibu miaka mia moja, na hapa kwetu Nakuru ni gumu kuliko Mombasa.

Hesabu kwanza. Niliacha chuo, lakini kugawanya bado najua. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya bahari. Njoro ni zaidi ya 2,100. Kwa urefu huo, kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inavuta ujazo ule ule, lakini ndani ya huo ujazo hewa yenyewe ni kidogo. Kwa hivyo injini ya nguvu farasi 100 kwenye karatasi, ukiiwasha hapa, imebaki na kama 80. Hujafanya kosa lolote. Mlima umekukata kodi tu.

Sasa ongeza joto. Ukiifunika injini na boneti halafu kabureta ivute hewa kutoka humo humo ndani, ambako ni nyuzi 60, badala ya nje kwenye nyuzi 25, umepoteza asilimia 10 nyingine ya uzito wa hewa. Kwa upande wa pili, ukielekeza mdomo wa hewa mbele kabisa, upepo wa ndege inayokimbia kilomita 250 kwa saa unakurudishia kama asilimia 3. Ndogo, najua. Lakini ni ya bure.

Hapo ndipo historia inakuwa tamu. Miaka ya 1920 ndege nyingi zilikuwa na injini ya duara, silinda zimechomoza nje kama vidole ili upepo uzipoze. Zilipoa sawa, ila hizo silinda zote zilikuwa zinagonga upepo na kuirudisha ndege nyuma. Kila mtu alidhani hakuna njia: ukizifunika zitachemka, ukiziacha wazi utaenda polepole.

Kule Langley, Virginia, shirika la utafiti wa ndege la Marekani, NACA, lilikuwa na handaki la upepo kubwa kiasi cha kuingiza propela na injini nzima. Fred Weick na wenzake wakajaribu maumbo tofauti ya boneti, ile mafundi wa ndege wanaiita kaulingi. Walichogundua ni kwamba injini haihitaji upepo mwingi, inahitaji upepo unaopita mahali panapofaa. Unaacha tundu mbele, unaweka vipande vya bati ndani vya kuilazimisha hewa ipite kwenye silinda, halafu unaitoa taratibu kwa mwanya nyuma. Mwaka wa 1928 wakaifunga kwenye ndege ya Curtiss AT-5A. Injini ile ile, ndege ile ile, ikatoka kilomita 190 kwa saa ikafika 220. Bati tu, jameni. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikapewa tuzo ya Collier, kubwa kabisa ya anga Marekani.

Wakati huo huo kwetu kulikuwa na kundi lingine, na hapa lazima niseme wazi: hii ilikuwa ni Kenya ya walowezi, ardhi ya Bonde la Ufa ilikuwa imeporwa, na mwenye kurusha ndege alikuwa mzungu. Historia ya anga hapa haina usafi. Lakini iko. Mwaka wa 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways pale Nairobi, ndiyo maana tuna Wilson Airport. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Huyo Campbell Black ndiye aliyemfundisha kurusha ndege Beryl Markham, msichana aliyelelewa Njoro kwenye shamba la farasi la babake. Na kando ya Beryl alikuwapo Kibii, rafiki yake wa utotoni, baadaye arap Ruta, aliyeanza na farasi kisha akamsaidia kutunza ndege. Kitabu cha Beryl kinamtaja sana. Sinema za wazungu wa Kenya humtaja kidogo sana.

Campbell Black akarudi Uingereza, na Oktoba 1934 yeye na C. W. A. Scott wakashinda mashindano ya kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne kwa karibu saa 71. Ndege yao, de Havilland Comet nyekundu, ilikuwa na injini mbili za Gipsy Six. Hizi silinda zake zimepangwa mstari mmoja na kugeuzwa kichwa chini, kwa hivyo pua inakuwa nyembamba na laini. Kwa injini ya aina hii unaacha tundu moja la hewa mbele, upande mmoja wa pua. Hewa inapita katikati ya silinda kwenda upande wa pili, inatoka. Ukiangalia picha unaweza kudhani haina injini.

Miaka miwili baadaye Beryl akaruka na Percival Vega Gull, nayo Gipsy Six, ndege aliyopewa na John Carberry. Aliondoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936, peke yake, akiikabili Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpiga usoni. Baada ya saa zaidi ya 21 injini ikakata, akaangukia kwenye matope ya Cape Breton, Kanada. Alitoka mzima.

Kilichomwangusha? Petroli ilikuwepo. Alivyoeleza mwenyewe, barafu iliziba mahali tanki la mwisho linapoingiza hewa. Tanki lisipopata hewa, petroli haishuki. Jaribu na chupa ya maji: ipindue, ishikilie bila kuruhusu hewa iingie, uone maji yanavyokwama. Mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, na tundu dogo la hewa ndilo lililoamua ataishia wapi.

Turudi kwa jua kali. Karibu mwaka wa 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta kutoka Nyeri, ng'ambo tu ya Aberdare, aliingia kwenye habari za dunia kwa ndege aliyoiunda nyumbani na injini ya Toyota. Haikupaa, na watu wakacheka. Mimi siwezi kucheka, kwa sababu injini ya gari kwenye ndege ni mtihani ambao hata mataifa tajiri yalihangaika nao. Chukua injini ya Probox. Karatasi inasema nguvu farasi mia na kitu, lakini kwenye mizunguko kama 6,000 kwa dakika, ambayo ni mingi mno kwa propela. Toa ile kodi ya mlima. Halafu kuna rejeta. Inapozwa kwa maji, kwa hivyo lazima ubebe rejeta, na rejeta iliyosimama kwenye upepo ni kama kufungua mlango gari likiwa linakimbia.

Hata hiyo ilipata jibu. Mwaka wa 1935 Mwingereza F. W. Meredith, wa Farnborough, alieleza kwamba ukiificha rejeta ndani ya njia ya hewa, iwe nyembamba mdomoni, ipanuke kabla ya rejeta, kisha ijibane tena ikitoka, hewa iliyopashwa joto inatoka kwa kasi na kulipia sehemu ya deni. Mustang ya vita ya pili ilijengwa hivyo, lile tumbo lililoshuka chini yake ni rejeta.

Nje, wanaounda ndege nyumbani wanahesabiwa kwa maelfu. Ndege za RV za Richard VanGrunsven, aliyeanza miaka ya 1970 kule Oregon, zilizokamilika na kuruka zimepita 10,000. Ni watu wa kawaida kwenye gereji, ila wana michoro, wana vikundi, wana mtu mzee aliyechoma injini tatu kabla yao. Huku kijana ana intaneti na welda wa mtaa, na wakaguzi wa anga anakutana nao siku video imesambaa.

Na hatujafika kwa vumbi. Nenda Kariandusi, pale karibu na Gilgil, uone mwamba mweupe unaochimbwa. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale, silika tupu, na duniani hutumika kutengenezea filta. Hapa unga wake unapeperushwa na upepo. Uwanja wa udongo kati ya Gilgil na Elementaita, mwezi wa pili, propela ikizunguka ukiwa bado chini, inajipakulia huo unga yenyewe na kuurusha moja kwa moja kwenye mdomo wa hewa. Weka filta nzito, umepoteza nguvu nyingine juu ya zile 20. Usipoweka, silinda zinasagika kabla hujajua kutua vizuri. Wajenzi wengine huweka mlango mdogo: chini inavuta kupitia filta, ikishapaa rubani anafungua hewa ya mbele moja kwa moja. Kamba moja ya breki ya baiskeli inatosha kuuvuta.