Jina la Mgeni Katika Nchi ya Wachina

Mtu ajifunzaye Kichina siku hizi mara nyingi hafiki mbali kabla hajaulizwa na mwalimu wake, "Jina lako la Kichina ni lipi?" Huenda ukadhani, msomaji, kwamba huo ni mchezo wa darasani tu. Sivyo. Desturi hiyo ina sababu yake, tena ina historia ya zaidi ya miaka 400.

Kwanza tuitazame sababu. Kichina hakiandikwi kwa herufi kama lugha yetu. Kila alama ni silabi moja, na karibu kila alama ina maana yake. Jina la ukoo hutangulia, nalo kwa kawaida ni alama moja. Jina la mtu hufuata, alama moja au mbili. Basi jina refu la kigeni likiandikwa kwa sauti zake zote huwa mfululizo wa alama zisizopatana kwa maana, na mwenyeji hatambui ukoo ni upi wala jina ni lipi.

Miongoni mwa wageni wa Ulaya waliotangulia kulitatua jambo hili alikuwa Matteo Ricci, padre wa shirika la Wajesuiti, aliyezaliwa mjini Macerata, Italia, mwaka 1552. Alifika Macau mwaka 1582, akaanza kujifunza lugha, na mwaka uliofuata akaingia mji wa Zhaoqing pamoja na mwenzake, Michele Ruggieri. Jina lake la Kichina likawa Li Madou. Tazama lilivyotengenezwa. "Ri" ya Ricci iligeuka "Li", kwa kuwa sauti ile ya Kiitalia haimo katika Kichina. Matteo likawa Madou. Alama ya Li ina mmea wa nafaka upande mmoja na kisu upande wa pili. Maana yake ni faida, tena ni ukali kama wa kisu. Alikuwa pia na jina la heshima, Xitai, maana wasomi wa huko hawakuitana kwa majina ya kuzaliwa. Na neno "xi" ni magharibi: asili yake hakuificha.

Lakini jina peke yake halitoshi. Hapo kwanza mapadre hao walinyoa vichwa na kuvaa mavazi ya watawa wa Kibudha. Ricci akatambua kuwa wasomi hawakuwaheshimu sana watawa. Mwaka 1595 akavaa joho la wasomi, akafuga ndevu. Mwaka huo huo akaandika kwa Kichina kitabu juu ya urafiki. Mwaka 1601 aliruhusiwa kukaa Beijing. Mwaka 1602 ramani yake kubwa ya dunia ilipigwa chapa huko. Na mwaka 1607 yeye na msomi Xu Guangqi walitoa kwa Kichina vitabu 6 vya kwanza vya jiometri ya Euclid. Alipofariki mwaka 1610, Mfalme Wanli alitoa ardhi ya kumzikia.

Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ricci hakulivunja lake: imani aliyokwenda nayo ndiyo aliyokufa nayo. Ila alikubali kufundishwa na wenyeji wake.

Thamani ya jambo hilo ilionekana baadaye, wamisionari walipogombana. Je, Mchina aliyebatizwa aweza kuwaenzi wazee wake waliokufa, na Confucius, kwa taratibu za kwao? Ricci alikuwa ameona kuwa hiyo ni heshima tu, wala si ibada. Mwaka 1704 Baba Mtakatifu Clement XI alizikataza taratibu hizo. Mfalme Kangxi hakupendezwa. Mwaka 1706 akaamuru kwamba kila mmisionari atakaye kubaki aahidi kufuata desturi za Li Madou, apewe hati, asiyekubali, aondoke. Mfalme hakumtaja Ricci. Alimtaja Li Madou. Karibu miaka 100 baada ya kifo chake, jina la mgeni lilikuwa kipimo cha nani akae na nani aende zake.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kujifunza lugha hiyo, usijichagulie jina kwa utamu wa sauti tu. Muulize ajuaye maana ya kila alama, kisha jitahidi ulistahili. Jina hupatikana kwa siku moja. Heshima yake hutafutwa kwa miaka.