Mwembe ukianguka Kamina, sheria ya 1888 ndiyo inaamua nani alipe

Kila mvua zikianza, swali hilo linarudi kwenye simu za redio. Safari hii aliyeuliza ni mama mmoja mkimbizi wa ndani, anayekaa na watoto wake katika parseli ya watu. Mwembe wa jirani umeegemea upande wao na njia ya watoto wa masomo. Alisita kumwambia jirani, kwa sababu yeye hana karatasi hata moja ya kiwanja.

Jibu liko katika sheria yenye umri kuliko mji wetu. Kamina ilikua na reli: BCK ilitoka Bukama, ikapita hapa, na mwaka 1928 njia ikafika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Njia ya Kabalo ilikuja baadaye, 1956. Lakini dekri ya mapatano na madeni ilitiwa sahihi tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Leopold II, Msiri akiwa bado anatawala Bunkeya. Maneno yake mengi yametoka katika kitabu cha sheria cha Napoleon cha 1804. Wengi wanadhani mambo hayo yaliisha tarehe 30 Juni 1960. Hayakuisha.

Kifungu cha 258 kinasema aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima alipe. Cha 259 kinaongeza uzembe. Cha 260 kinagusa vitu ambavyo mtu anavichunga, na kwa mti hapo ndipo penye nguvu: haulizwi tu nani aliupanda, anaulizwa nani anauchunga leo. Mwembe wa babu aliyekufa zamani ni mzigo wa yule anayekula maembe yake sasa.

Watu hujitetea: ni upepo, ni Mungu. Dhoruba isiyoweza kuzuiwa inaweza kumwokoa mtu, ndiyo. Lakini mti uliooza shina, kartie nzima ikiuona? Ndiyo maana ninasema andika barua kabla ya mvua kubwa, shefu wa kartie aipige muhuri, ubaki na kopi.

Tangu sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali, sisi tuna haki ya kuutumia. Wengine wanajificha hapo: "kiwanja si changu." Haisaidii, maana aliyepewa parseli amepewa na kuichunga. Mti ulio nje ya lupango, ukingoni mwa avenyu, huo ni habari nyingine: uko kwenye mali ya umma. Usiukate bila ruhusa, peleka habari meri. Kusema kweli, huko kungoja ni kurefu.

Na mama yule? Kifungu cha 258 kinamtaja mtu mwingine aliyepata hasara, hakimtaji mwenye cheti. Mpangaji, mgeni, mkimbizi, mpita njia, wote wamo. Nyumba ikibomoka, ya kudai ni haki ya mwenye parseli. Lakini mguu wa mtoto, cherehani, gunia la mahindi, hivyo ni vyake na anaweza kuvidai kwa jina lake.

Ndivyo tulivyomjibu hewani. Kesho yake alituma ujumbe: amekwenda kwa shefu wa kartie pamoja na mama mwenye nyumba, barua imepigwa muhuri. Mwembe bado umesimama.